Kuiita Ngoma kwa Jina Lake

Neno "ngoma" lina maana nyingi. Ni chombo, ni uchezaji, na wakati mwingine ni sherehe nzima. Katika mazungumzo upana huo ni utajiri, bali katika ukurasa wa muziki ni hasara. Mpigaji aliyeandikiwa "ngoma" tu hajui ni ngoma ipi, wala kama ataipiga kwa kiganja au kwa mkwiro, yaani kijiti cha kupigia.

Mimi hufundisha muziki Kitale, mji wenye watu wa makabila mengi. Mwaka mmoja tuliletewa kutoka Bungoma wimbo ulioandikwa kwa kompyuta, noti zake zimepangwa vizuri sana. Penye mstari wa vyombo vya kupigwa paliandikwa neno moja: "Kengele". Wanafunzi wakatafuta kengele, wakazitikisa kwa bidii. Mlinzi wetu, mzee wa Kibukusu, akasogea dirishani.

"Mwalimu," akauliza, "leo kuna mwuza barafu?"

Wanafunzi wakacheka, mzee hakucheka. Alitueleza kwamba wimbo ule ni wa vijana waendao tohara, na kengele zao huitwa chinyimba. Chinyimba hazitikiswi. Kijana huzishika na kuzigonga juu ya bangili ya chuma iliyo mkononi mwake, na kwa mlio huo huwaalika jamaa zake. Desturi hiyo hufanywa mwezi wa Agosti, katika miaka ya namba shufwa. Basi tulikuwa na noti zote, lakini mwaliko haukuwamo.

Chanzo cha kasoro kama hiyo ni rahisi kukijua. Programu za kuandikia muziki, kama MuseScore, humpa mwandishi orodha ya vyombo, naye asipokiona chake huchagua kinachokaribiana kwa sauti. Hilo si kosa. Kosa ni kuliacha jina la kuazima pale ukurasani, hali programu yenyewe huruhusu jina libadilishwe, lile refu la mwanzo na lile fupi la mistari ifuatayo. Azima sauti, usiazime jina.

Baada ya jina, andika juu ya noti kipigio chenyewe: kiganja, mkwiro mgumu, mkwiro uliofungwa kitambaa, au chuma. Kipigio kikibadilika, usingoje noti ya kwanza ya mlio mpya ndipo useme. Andika agizo mahali kimya kinapoanza, ili mpigaji apate nafasi ya kuweka kimoja na kushika kingine. Akirudia cha kwanza, mwambie tena, kwa kuwa hawezi kusoma moyo wako.

Huenda mtu akasema kwamba wazee wetu hawakuandika lolote. Ni kweli, kwa sababu mwalimu alikaa kando ya mwanafunzi na kuushika mkono wake. Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Atakayeziandika zote "ngoma" atakuwa amezipoteza mbili.

Karatasi hufika mahali ambapo mwandishi hatafika. Basi, wanafunzi, iandikeni kwa adabu ile ile ya kumtambulisha mgeni: semeni jina lake kamili, na namna apendavyo kupokewa.