Ugonjwa ambao wazee wa kambi hawautaji

Ukiuliza wazee wa Masisi kwa nini wanaamka mara tano usiku kwenda kukojoa, watakujibu: ni uzee. Mara nyingi wana haki, kwa sababu prostati, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, huvimba kwa wanaume wengi umri ukisonga, bila kuwa kansa. Lakini kwa mkulima mmoja wa maharagwe, aliyekimbia vita na familia yake mwanzoni mwa 2024 na kufikia kambi ya Bulengo, magharibi mwa Goma, haikuwa uzee tu. Mgongo pia ulimuuma, mpaka akashindwa kuinama. Munganga alipima damu, akatoa kipande kidogo cha nyama ya prostati kipimwe, kisha akamwita mzee aje na mke wake kusikia majibu. Mzee alienda peke yake. Nyumbani alisema ni tumbo.

Hapo ulianza ugonjwa wa pili, ule wa roho, ambao hauna kidonge.

Kambini hakuna mahali pa kuficha mwili. Hema moja ya shitingi, watu wanane ndani, na choo ni cha kupangia mstari. Mzee aliwekewa sonda, ule mpira wa kutoa mkojo, na mfuko wake alikuwa akiufunga kwenye paja chini ya suruali pana. Akaacha kukaa na wanaume wenzake kwa kuogopa harufu. Akaacha kwenda kanisani. Usiku akahamia kulala karibu na mlango, na mke wake, baada ya miaka 32 ya ndoa, akafikiri kuna mwanamke mwingine kambini. Walinyamaziana karibu miezi miwili. Watoto walijua kuna jambo, lakini nani atamuuliza baba?

Kibaya zaidi kilikuwa kile munganga alichopendekeza. Kansa hii hulishwa na homoni ya kiume, na kuinyima chakula kuna njia mbili kubwa: sindano zinazorudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, au operesheni ya mara moja ya kuondoa korodani. Si majaribio mapya. Munganga Charles Huggins alionyesha jambo hilo huko Chicago mwaka 1941, akapewa tuzo ya Nobel 1966. Haiponyeshi kansa iliyokwisha kufika kwenye mifupa, lakini huituliza, na maumivu yanaweza kupungua kwa muda mrefu. Sindano ni ghali, na mtu anayengoja mgao wa unga hawezi kuzilipia mwaka hadi mwaka. Ilibaki operesheni.

Mzee alisikia neno moja tu: kuondoa. Alimjibu munganga kwamba amekwisha kuacha shamba, ng'ombe wawili na nyumba ya mabati, na hicho hatakiacha. Akarudi kambini. Siku hizo alimwambia jirani kwamba ingekuwa afadhali bomu limkute njiani Sake. Mtu akisema hivyo asichukuliwe kama anatania.

Na kulikuwa na Mobutu kichwani mwake. Watu wengi wa umri wake walijua jina la kansa hii kupitia yeye: alifanyiwa operesheni Uswisi Agosti 1996, akafariki Rabat, Maroko, tarehe 7 Septemba 1997. Kwa hiyo ukiipata, umekwisha. Hawakusikia habari za askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyeambiwa ana kansa hiyo hiyo mwaka ule ule wa 1997, akaisema mbele ya watu, na akaishi mpaka Desemba 2021.

Kambini kulikuwa na nyumba ya kusikiliza. Wanaume hawaingii. Inajulikana kuwa ni ya wanawake waliobakwa, na mwanaume akionekana mlangoni maneno yanaanza. Jirani ndiye aliyemwambia mama anayefanya kazi pale, naye, kwa akili yake, hakumwita mzee. Alipeleka viatu vyake kwa mzee, ambaye alikuwa akishona viatu kwa kutafuta pesa ya chumvi, akakaa kwenye bidoni kungoja. Mara ya tatu mzee alizungumza. Mama huyo hakumpa mashauri mengi. Alimuuliza tu nani mwingine anajua.

Jioni ile alimwambia mke wake. Mke alilia kwanza, kwa sehemu ni furaha kwamba hakuna mwanamke mwingine. Kisha akauliza: "Papa, watoto saba hawakutosha? Ulitaka wengine ndani ya shitingi?" Walicheka mpaka watoto wakaamka.

Operesheni ilifanyika. Mgongo ulitulia baada ya siku chache. Lakini ilimletea mambo ambayo hakuna aliyemtayarisha nayo vizuri: machozi bila sababu, nguvu kuisha saa nne asubuhi, hamu ya kitanda kupotea, na joto la ghafla linalopanda kifuani mpaka usoni, jasho likitiririka. Alifikiri ni malaria. Mke wake ndiye aliyelitambua, kwani lilimpata yeye mwenyewe alipofunga kuzaa. Alimfundisha kulala na kitambaa chenye maji kando. Kitanda chao ni kingine sasa, na wanakisemea, jambo ambalo zamani hawakufanya.

Mwezi wa pili 2025 kambi za Goma zilipovunjwa, walirudi Masisi. Nyumba ilikuwa haina mabati. Kutoka kule, kwenda kupimwa damu tena ni safari ya siku nzima, na si kila mara barabara iko salama.

Mzee amewaita vijana wake wanne pamoja na mdogo wake, kwa sababu munganga alimwambia kansa hii hupenda kurudi katika damu moja, na kwamba wasingoje mgongo uume. Aliwaeleza yote, hata operesheni. Walikaa kimya. Kijana mkubwa aliuliza kama usiku bado anaumia. Akajibu kwamba usiku ni joto tu.