Mali bila Daftari

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo anaijua vema kila mkulima wa chai huku kwetu Kericho na Bomet. Hupeleka majani yake kituoni, karani huyapima, naye haondoki mpaka apewe stakabadhi ya kilo zake. Stakabadhi hizo huzitunza mwaka mzima, na bonasi itokapo huzijumlisha mwenyewe, au humwita mtoto aliye shuleni amjumlishie. Kilo 2 zikipungua, sauti yake itasikika kutoka Litein mpaka Kapkatet.

Walakini mkulima huyo huyo akiambiwa kwamba fedha za kaunti zimepotea, hutikisa kichwa na kusema, "Hayo ni mambo ya Serikali." Sivyo. Fedha za Serikali ni majani ya watu wote yaliyomwagwa katika kikapu kimoja.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 229, yamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague na kutoa taarifa katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha, ambao hukoma tarehe 30 Juni. Bunge, au Bunge la Kaunti, lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Mkaguzi hushika kazi kwa miaka 8, mara moja tu, ili asijipendekeze kwa mtu. Na kifungu cha 226 chasema kwamba aliyeidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo, hata akiwa amekwisha kuacha kazi.

Wengine hutumainia siasa. Oktoba 2024, Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura kumwondoa Gavana Erick Mutai, aliyekana mashtaka. Waliokubali walikuwa 31 kati ya 47. Thuluthi mbili ni 32. Seneti ikaitupa hoja, na mashtaka yenyewe hayakusikilizwa. Kura haiwezi kufanya kazi ya daftari.

Lakini Mkaguzi naye hufika baada ya miezi mingi, changarawe imekwisha kuchukuliwa na mvua. Hana budi kusoma alichoandika karani.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliwekewa mezani hati ya kupokea malori 20 ya changarawe, ya njia iendayo kituo cha majani. Mimi nilikuwa nimehesabu 11. Mkubwa mmoja akaniambia, "Karani, tia sahihi, hayo 9 yako njiani." Nikaandika 11, nikatia tarehe na sahihi. Sikufukuzwa, ila kwa muda mrefu hakuna aliyenikaribisha kikombe cha chai. Malori 9 hayakufika, lakini pia hayakulipiwa.

Jambo hilo si dogo. Njia ikiharibika, gari hukwama; majani yakilala ndani ya magunia hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Sahihi ya uongo ofisini ni kilo zilizopotea shambani.

Basi, mzee wangu, kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Siku ya baraza usiulize tu njia itatengenezwa lini. Uliza yalifika malori mangapi, na ni nani aliyeyatilia sahihi. Nasi makarani tukijua kwamba utauliza, mkono utaandika kile jicho lilichokiona.