Dakika za Kubakia

Santuri ina dakika kama 20 kila upande. Kaseti ya 90 ina dakika 45 kila upande. Piga hesabu: ukiirekodi santuri nzima upande wa kwanza zinabaki dakika tano, mara nyingine saba, na mteja hajasema uzijaze nini. Miaka 18 nilikula kwa kazi hiyo, kwenye kibanda cha mabati Ngamiani, Tanga, deki mbili mbele yangu na feni moja mbovu kisogoni. Muziki nilioupenda mimi niliuchomeka kwenye dakika hizo.

Mtu hapendi kuambiwa sikiliza hiki. Akitaka Franco, mpe Franco. Ila Franco akimaliza, kabla mwenyewe hajanyanyuka kugeuza kaseti, waingie Jamhuri Jazz au Atomic Jazz. Kulikuwa na vijana waliozaliwa Ngamiani wasiojua kuwa bendi hizo ni za mji wao, na kwamba ndizo walizochezea dansi baba zao. Aliyetaka Shakila na Black Star nilimmalizia kwa udi wa Zein l'Abdin wa Mombasa. Wachache walirudi kugomba. Wengi walirudi kuuliza, "Huyu wa mwisho nani?"

Wanamuziki wenyewe hawakupata hata senti kwangu, hilo sifichi. Sheria ya Hakimiliki ilipopitishwa mwaka 1999 nilisikia redioni, nikaendelea kurekodi.

Ukinibana nitaje albamu moja tu, ni *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa Uingereza na Real World mwaka 1989. Jina la Kizungu, ila ndani ni Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja kukipatia utamu Dar es Salaam. Kwenye kaseti za kunasa redioni magita yalikuwa yamebebana kama abiria wa daladala; humu kila gita lina kiti chake. Isikilize usiku, sauti ya chini.

Remmy huyo huyo ndiye aliyeniaibisha. Nililetewa kaseti ya harusi, taarabu upande mmoja, dansi upande wa pili. Nilikuwa na haraka, nikajaza mabaki kwa kilichokuwa tayari kwenye deki, bila kuangalia. Asubuhi yake akaja shangazi wa bibi harusi, kaseti kaifunga kwenye pindo la kanga.

"Baba wee, tumekukosea nini? Mtoto ndiyo kwanza ameketi na mumewe, wewe unatuletea kifo?"

Ndiyo, ulikuwa wimbo wa Remmy uitwao "Kifo". Nikaomba radhi, nikarudisha hela, nikaongeza soda ambayo hakuinywa. Wiki tatu baadaye akaja bwana harusi, peke yake, anaangalia nyuma kama mtu anayenunua gongo. Tepu ilikuwa imekatika katikati ya wimbo. Alitaka kujua unaishia wapi.

Kibandani nilikuwa na vitabu pia, rafu ya nyuma, vingi nilivinunua kwa walimu waliostaafu. Kitabu hakina dakika za kubakia, kwa hiyo nikawa naazimisha, naandika kwenye daftari. Vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa vilirudi kesho yake, macho ya msomaji mekundu kwa kukesha, na anataka kingine. Lakini ukitaka kujua vitabu ninavyovipenda, soma mistari ya daftari ambayo haikukatwa. *Rosa Mistika* cha Kezilahabi, kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni, kilitoka kikiwa kimefungwa gazeti, kikaenda moja kwa moja. *Nyota ya Rehema* cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1976, nimekinunua mara nne. Sijui riwaya nyingine ambamo Kiswahili cha Unguja kinanukia mvua na udongo namna ile, na hapo hapo kinamuumiza binti wa watu bila kupaza sauti.

Shaaban Robert ni wa kwetu Tanga, lakini usimpe *Kusadikika* mtu aliyekikariri kwa ajili ya mtihani, hatakusamehe. Mpe *Wasifu wa Siti binti Saad*. Wapenzi wa taarabu niliwapa hicho, wakamkuta mwanamke wa shamba aliyeuza vyungu kabla ya kwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Nacho hakikurudi.

Kisha zikaja sidii, zikaja flashi. Nyimbo 1,000 kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti, na bado kina nafasi. Hapo utamchomekea mtu nini? Deki nikaziuza. Vitabu vikasogea rafu ya mbele.

Mwaka juzi alipita binti wa chuo. "Shikamoo mzee. Nina shida na *Vuta N'kuvute*." Filamu yake alikuwa ameiona, sasa anataka kumjua Yasmin wa kitabuni. Nikampa. Akatoa noti ya 10,000, alinidai 2,000. Nikajipapasa mifuko ya suruali, nikafungua mtoto wa meza, nikatikisa kichwa.

"Chenji sina, mwanangu. Labda uchukue hiki, kimechakaa kidogo."

Akaligeuza geuza jalada la *Nyota ya Rehema*, akakitia mkobani bila furaha sana. Noti mbili za 1,000 zilikuwa kwenye mfuko wa shati.