Mgongo wa Mlima na Migongo ya Mama Zetu



Sisi tuliozaliwa Vanga twaujua mpaka tangu utotoni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari utokao kwenye mdomo wa mto Umba kuelekea bara, na mstari ule ukawatenga watu wa lugha moja, wa nikaha moja na wa msiba mmoja. Vanga ikawa huku, Jasini ikawa kule. Hadi leo mtu huvuka kwenda kumzika shangaziye, na moyoni mwake hajioni kuwa ametoka nje ya kwao. Kwa hivyo tulipoalikwa, mwezi wa Agosti mwaka 2019, kutembea siku nzima juu ya mlima ambao mgongo wake ndio mpaka wa Austria na Italia, tuliitikia kwa hamu kubwa.

Aliyetualika ni binti wa dada yetu, ambaye ni muuguzi kusini mwa Austria. Yeye na mumewe hupenda kupanda milima siku zao za mapumziko, na baada ya Idi ya Kuchinja walitaka kututembeza, sisi na ahli yetu. Tulisema kwamba magoti yetu ni ya watu wa pwani, hayajui kupanda ila ngazi za msikiti. Akacheka, akasema, "Mjomba, tutakwenda mwendo wako. Mlima hauna haraka."

Tulianza asubuhi kwenye njia ipitayo baina ya milima, Waaustria waiitayo Plöckenpass na Waitalia Passo di Monte Croce Carnico. Yapata mita 1,360 juu ya bahari. Hapo palikuwa na majengo ya forodha ya zamani, lakini hapakuwa na aliyetuuliza pasi. Nchi hizo mbili zimekubaliana watu wapite bila kuzuiwa, na magari yalivuka kama yavukavyo darajani Nyali. Ahli yetu alitazama huku na huku, kisha akauliza, "Mpaka uko wapi basi?" Binti akaonyesha juu kwa kidole: "Kule, mkaza mjomba. Twaufuata."

Kilele tulichokiendea huitwa Pal Piccolo kwa Kiitalia na Kleiner Pal kwa Kijerumani, nacho kina mita 1,866. Njia hupita kwanza katika miti ya misonobari, kisha miti hupungua, hubaki nyasi, vichaka vifupi na mawe meupe ya chokaa. Kengele za ng'ombe walioko malishoni zilisikika kutoka chini kwa muda mrefu. Kwa mwendo wetu tulichukua zaidi ya saa mbili, tukipumzika kila tulipoona jiwe la kukalia.

Mgongo ule haukuwekwa na serikali yoyote, bali ni kazi ya Muumba. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini, maji huteremka mpaka mto Gail, kisha Drava, kisha Danube, na mwisho humwagika Bahari Nyeusi. Tone lililoanguka hatua chache kusini hushika mto But, likaingia Tagliamento, likaishia bahari ya Adriatiki. Matone mawili ya wingu moja hutengana hapo. Tulitafakari kwamba mlima hugawa maji bila ya kumwaga damu, lakini mwanadamu alipoutwaa kuwa mpaka wake, damu ilimwagika.

Kwani juu ya Pal Piccolo mtu hatembei hatua nyingi bila kukuta handaki. Italia ilitangaza vita dhidi ya Austria na Hungaria mwezi wa Mei 1915, na kwa zaidi ya miaka miwili majeshi yalikaa kwenye mgongo huu, kiangazi na baridi, mpaka Waitalia waliposhindwa huko Caporetto mwezi wa Oktoba 1917 wakarudi nyuma. Mahandaki yamechongwa katika mwamba, na mapango ya kulala yamechimbwa kwa nyundo na baruti. Baadaye watu waliojitolea, kutoka nchi mbalimbali, walikuja kuyasafisha na kuyajenga upya ili vizazi vione. Pahali pengine handaki la upande mmoja na la upande wa pili yamekaribiana kiasi cha watu kuweza kutupiana mawe. Na jambo lililotushangaza zaidi ni hili: vita vilipokwisha na mikataba ikatiwa saini, mpaka katika sehemu hii ulibaki pale pale juu ya mgongo, ulipokuwa kabla ya risasi ya kwanza.

Wakati wa adhuhuri ulipoingia tulitia udhu kwa maji ya chupa, kidogo kidogo, tukatafuta pahali tambarare karibu na jiwe la mpaka. Kibla kutoka pale kiko kusini mashariki. Kwa hivyo miguu yetu ilisimama Austria, na tuliposujudu, vipaji vya nyuso zetu vilikuwa Italia. Tulisali kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Wapandaji wawili waliokuwa wakipita wakashusha sauti zao, wakatusubiri tumalize, kisha wakatuamkia kwa heshima.

Tulipokaa kula, ahli yetu aliuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikiria: "Askari hawa wote walikula nini huku juu?" Binti wa dada yetu akasema kuwa hilo ndilo alilotuletea kuliona.

Wakati ule hapakuwa na barabara ya kufika kwenye mahandaki ya Italia, na nyumbu hawakuweza njia zote. Wanaume wa vijijini walikuwa wamechukuliwa vitani. Jeshi likawaomba wanawake wa bonde la Carnia, nao wakaja, zaidi ya elfu moja, wasichana wadogo mpaka wanawake wenye wajukuu. Waliitwa portatrici, yaani wanawake wachukuzi. Walibeba mgongoni vikapu vya kusukwa waliotumia siku zote kwa nyasi na kuni, ila sasa vilijaa risasi, mikate, dawa na nguo. Mzigo ulikuwa kilo 30 hadi 40, na kupanda kulichukua saa kadhaa, wakati wa theluji hata magotini. Miguuni walivaa viatu vya kitambaa walivyoshona wenyewe, na mikono ilipokuwa tupu walifuma soksi huku wakitembea. Kila safari walilipwa lira moja na nusu. Wakirudi walichukua nguo chafu za askari, na siku nyingine waliwateremsha majeruhi na maiti.

"Na nyumbani nani aliwapikia watoto?" akauliza tena ahli yetu.

"Wao wenyewe," akajibu binti. "Kabla ya alfajiri, na baada ya kurudi."

Mmoja wao alikuwa Maria Plozner Mentil, wa kijiji cha Timau, kilicho bondeni chini ya mlima huu. Alikuwa na umri wa miaka 32 na watoto wanne, na mumewe alikuwa vitani. Tarehe 15 Februari 1916 alikuwa ameweka mzigo chini apumzike pamoja na mwenzake, na mlenga shabaha wa Austria akampiga risasi. Alifariki muda mfupi baadaye. Na watu wa Timau, pamoja na kuwa raia wa Italia, tangu mababu lugha yao ya nyumbani ni lahaja ya Kijerumani. Yamkini aliyempiga angeweza kuisikia sauti yake akaifahamu. Sisi wa Vanga hatukuhitaji kufasiriwa jambo hilo. Mwezi wa Januari 1915 vita hivyo hivyo vilipiganwa Jasini, baina ya nyumba za watu wetu.

Jioni tuliteremka kwa gari mpaka Timau. Maria amezikwa katika hekalu la ukumbusho la kijiji hicho, pamoja na mabaki ya askari wa pande zote mbili. Nishani ya dhahabu ya ushujaa alipewa na dola ya Italia mwaka 1997, miaka 81 baada ya kufa kwake. Miaka 81! Wengi wa wenziwe walikwisha kuwafuata waliotangulia.

Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Tuliikumbuka shajara ya ukoo wetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yenye majina ya wanaume vizazi tisa, na wanawake hawamo. Mama wa nyanya yetu aliishi zama zile zile za Maria. Mumewe alichukuliwa mwaka 1917 katika jeshi la wapagazi, lile ambalo wazee waliliita Kariakoo, na kama maelfu ya wengine hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Yeye mkewe alibaki na watoto watatu. Alilima, alichota maji, alibeba kuni, alisuka mikeka na makuti ya kuuza, na hao watatu wote wakasoma Qur'ani wakahitimu. Kariakoo yatajwa katika vitabu. Mwanamke aliyebaki na mzigo wa nyumba hatajwi popote.

Tuliporudi Vanga tulikwenda kwa shangazi yetu, mkongwe wa ukoo, tukamwuliza jina kamili la bibi yule, jina la mamake, na kisima alichokuwa akichota. Alijibu yote, kisha akasema, "Miaka yote hii, mwanangu, hapana aliyeniuliza." Tumeyaandika majina hayo katika shajara, kwa wino ule ule wa majina ya wanaume, na wajukuu wameanza kuyasoma.

Basi, wasomaji wetu, nyumba gani haina mwanamke wa namna hii? Aliyebeba samaki kichwani akawalipia wanawe karo, aliyemuuguza mkwewe miaka mingi, aliyekesha akishona kofia ili wengine walale wameshiba. Wapo waliokufa, na wapo ambao wiki hii hii wako jikoni. Aliye hai na ashukuriwe kwa ulimi, na apokewe mzigo kwa mikono. Aliyekwisha kufa na aandikwe, kisha aombewe. Waulizeni wazee wenu Ijumaa hii, kabla hawajaondoka na majina hayo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliobeba, na awape nguvu wanaobeba. Wabillahi tawfiq.