Injini ya Corolla nusura itupeleke mochwari!

WENZANGU, mapenzi yana vituko, lakini mapenzi ya ndege ndiyo balaa lenyewe. Mimi ni mtoto wa Njoro, hapa hapa Moshi mjini, na ndevu zimeniotea gereji. Tangu utotoni, mimi na binamu yangu, ndege ndogo ikipita kuelekea uwanja wa Moshi, tulikuwa tunaacha hata mpira uingie golini. Tulipokua tukafanya jambo ambalo watu wenye akili timamu hawalifanyi. Tukaanza kuunda ndege uani kwa mama.

Msicheke. Fremu ya mabomba ya alumini, mabawa ya turubai, viti viwili. Ilituchukua miaka miwili. Mama alikuwa anapita na ndoo yake, anaguna, "Wanangu, likishindwa kuruka litafaa kuwa banda la kuku." Tukamwona mshamba.

Kasheshe lilianza kwenye injini.

Binamu alikuwa amejiwekea hela za mahari. Mchumba wake ni wa Kibosho, na wazee wa kule hawataki masihara. Jioni moja nikashangaa anaingia na pikapu, nyuma imelala injini ya Corolla ya zamani, ile ya kabureta. "Kaka, hii moto wa kuotea mbali. Farasi mia!" Nikamuuliza hela katoa wapi. Akaangalia pembeni. Nikajua.

Sikutaka kumvunja moyo, nikamwambia tu twende tukaipime kwenye mzani wa magunia ya mahindi. Pamoja na rejeta na maji yake, mzani ukasoma kilo 140. Jamani, ndege yetu nzima bila injini ilikuwa kilo 150! Injini ya Rotax 912, ile ya Austria iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ina kilo 60 hivi na inatoa nguvu za farasi 80. Dada yake anatoa 100. Kila kilo unayoipandisha angani unailipia petroli, tena unailipia kila dakika uliyo juu.

Isitoshe, hao farasi mia ni wa kwenye karatasi. Uwanja wa Moshi uko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyembamba. Kwa hiyo hapo hapo chini, kabla hujaukaribia mlima, farasi kama wanane wameshakukimbia.

Kuna na suala la mizunguko. Injini ya gari hutoa nguvu zake zote ikizunguka mara 5,000 au 6,000 kwa dakika. Ukilizungusha pangaboi la ndege kwa kasi hiyo, ncha zake zinapita mwendo wa sauti, zinabaki kupiga kelele tu badala ya kuvuta. Rotax inazunguka 5,800, halafu giaboksi yake inapunguza mpaka karibu 2,400. Sisi tulitaka kufunga pangaboi moja kwa moja. Maana yake tungeiendesha Corolla nusu usingizi, na nguvu zake nyingi zingebaki ndani ya chuma.

"Basi tufunge ya Volkswagen," binamu akasema kwa hasira, "ile ya mgongo wa kobe." Hapo hakukosea sana. Ile inapozwa na hewa, haina rejeta, na wenzetu wa Ulaya na Marekani wameifunga kwenye ndege za nyumbani kwa miaka mingi. Haina makeke, lakini hata ikizunguka taratibu inavuta. Zipo pia nyepesi kabisa za kuchanganya oili na petroli kama chenso, mfano Rotax 582 ya farasi 65. Ubaya wake, sehemu ya petroli inatokea kwenye ekzosi kabla haijaungua. Zinakunywa kama mlevi wa mbege siku ya Krismasi.

Hakunisikiliza. Hela ilishatoka, na mtu akishatoa hela masikio yanaziba.

Jumapili moja tukaifunga ndege kwa kamba kwenye mwembe, tukawasha. Wallahi, ilinguruma mpaka watoto wa mtaa mzima wakaja. Binamu akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Kimya.

Nikashika mpira wa petroli, nikauachia haraka. Ulikuwa wa moto! Tangi tuliliweka chini nyuma ya viti, mpira ukapita jirani na ekzosi. Petroli ikichemka ndani ya mpira inageuka mvuke, na pampu ile haiwezi kuvuta mvuke. Ndiyo maana ndege nyingi zenye bawa juu huweka tangi ndani ya bawa, petroli ishuke yenyewe. Tangi likiwa chini, wanaweka na pampu ya pili ya umeme, ya akiba. Sisi hatukuwa na hili wala lile.

Gari likikuzimia barabarani unasogea pembeni, unafungua boneti. Angani pembeni iko wapi?

"Tutahamisha mpira," binamu akasema huku anafuta jasho. "Jumamosi tunapaa." Nikamkumbusha Gabriel Nderitu wa kule Nyeri, Kenya, mtaalamu wa kompyuta ambaye mwaka 2010 alijitengenezea ndege kwa injini ya Toyota, na haikupaa. Nikamkumbusha kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga hairuhusu mtu kujirukia tu bila kukaguliwa. Akanijibu, "Wewe ni mwoga." Neno hilo liliniuma, nisiwafiche.

Usiku ule nikaamka, nikafungua kabureta, nikaificha kwenye gunia la pumba. Asubuhi alinitukana mbele ya mama. Miezi minne tukawa tunapishana njiani kama watu tusiojuana. Mchumba naye alipopata habari alimuuliza swali moja tu: "Utanioa mimi au utaoa injini?"

Sijui ni swali hilo ama ni nini, lakini jioni moja alikuja gereji, akakaa juu ya tairi. "Kaka," akasema, "ile siku ingezima tukiwa juu ya migomba ya watu." Sikumjibu. Nikaenda kumletea kabureta yake.

Injini tukaiuza, mahari ikapelekwa, mbege ikanywewa. Kuku wa mama wanatagia kwenye kiti cha rubani, na kila akiokota mayai ananiangalia, anacheka.

Ndoto hatujaizika. Tunajichanga taratibu tupate Rotax iliyotumika. Tangu mwaka 2012 wanayo ya nozeli na kontroli boksi, inayopima hewa yenyewe na kutoa petroli kulingana na kimo. Bei yake inatoa machozi, kwa hiyo tutaanza na ya kabureta mbili. Nayo kabureta zake zinajirekebisha zenyewe ndege ikipanda.

Na wewe unayeunda kitu chako uani, iwe ndege au boti, usianze kwa kuuliza ina farasi wangapi. Uliza ina kilo ngapi, inakunywa kiasi gani, na petroli inafikaje kwenye injini. Na ukiwa na ndugu anayekuficha kabureta, usimnunie miezi minne.