Kwa Miguu Hadi Kafuro

Usiku wa kwanza niliulala melini, Mwanza hadi Bukoba. Asubuhi nikapanda basi. Tulipofika Kyaka, magari ya Mutukula yakaendelea kwenye daraja la mto Kagera. Letu likakata kushoto kuelekea Karagwe. Omurushaka nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Bweranyange.

Niliisoma utotoni, nikaichora kichwani kama mji mkubwa. Nilikuta migomba, vumbi jekundu, na mzee aliyekuwa akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Kikale, ikulu ya mfalme Rumanyika wa Karagwe."

"Umesimama ndani yake."

Nilivua kofia. Hapa ndipo wapelelezi Waingereza, Speke na Grant, walipopokewa Novemba 1861, wakitoka Kaze, Tabora ya leo, wakielekea Buganda. Humu ilitunzwa mali ya ufalme, hata sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Kagera imeizunguka Karagwe magharibi na kaskazini, na misafara ya kwenda Buganda ilikuwa lazima ipite kwa mfalme kabla ya kufika kivukoni Kitangule. Waarabu na Waswahili walijenga kituo chao Kafuro, jirani na hapa, wakinunua pembe za ndovu. Mpelelezi Stanley aliwakuta huko mwaka 1876. Kumbe ni njia ya miguu na mto ndivyo vilivyoukuza mji huu.

Na njia ilipohama, watu walihama nayo. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, meli zikaanza kuzoa ngozi na kahawa kutoka Bukoba, mji uliozaliwa 1890 tu, Emin Pasha alipojenga boma la Wajerumani. Nani tena angetembea miezi mingi hadi pwani? Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tabora kuelekea kwenye kona ya Kagera, vita vikaikatisha. Mwaka 1928 garimoshi lilifika Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Karagwe haijasikia honi yake hadi leo, na jambo hilo liliniuma pale kilimani kuliko nilivyotarajia.

"Kafuro ni mbali, mzee?"

Aliweka reki chini, akanionyesha kijia kinachoshuka kati ya mibuni.

Nilimlipa kijana wa bodaboda, nikamwambia asinisubiri. Nikakaza kamba za viatu.