Jina la Wagiriama katika Nyuga za Katalogi

Mtafiti wa fasihi simulizi ya Wagiriama, awe mzaliwa wa Ganze au wa Bamba, aiendeapo katalogi ya maktaba huliandika jina la watu wake kama alivyolizoea: Giriama. Katika uga wa anwani, jina hilo humletea kitabu cha Cynthia Brantley cha 1981 juu ya upinzani wa Wagiriama dhidi ya ukoloni. Halimletei Giryama Vocabulary and Collections cha W. E. Taylor, kilichotoka London mwaka 1891, wala The Agiryama of Kenya cha Arthur Champion, cha 1967. Mashine haina lawama. Iliulizwa herufi i, nayo y ikaiacha ilipo.

Uga wa mada, ambao katika muundo wa MARC una namba 650, ulikusudiwa kuwa dawa ya maradhi haya: huteuliwa umbo moja la jina, na maumbo mengine yakaelekezwa kwake. Lakini ni nani ateuaye? Jina Mijikenda lilishika katika miaka ya 1940. Kabla yake watu hawa waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina walilobandikwa na wengine na ambalo wao wenyewe hawakulipenda. Kamusi ya Krapf na Rebmann, iliyochapishwa 1887, ingali inaitwa A Nika-English Dictionary. Kwa hiyo yamkini mjukuu atalazimika kuwataja babu zake kwa jina la dharau ndipo akabidhiwe maneno yao. Kadhia hii si ya ufundi peke yake.

Hali kadhalika Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama mnamo 1913. Uga wa jina la mtu hutaka kujua jina la ukoo ni lipi. Mekatilili ni mama wa Katilili; wa Menza ni binti Menza. Jina la ukoo halimo.

Wakutubi hushauri alama ya kukatiza: gir*, na mwisho wowote ukubaliwe. Ushauri huu ni mzuri, nao humrudisha Taylor. Ila ulibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mikia, ilhali za Kibantu hubadilisha vichwa: Mgiriama, Wagiriama, Kigiriama. Agiryama cha Champion, kwa sababu ya ile a moja ya mbele, hubaki nje.